Kadi Niliyoituma Kutoka Shamba Tupu

Nakumbuka siku niliyosimama katikati ya shamba langu, simu mkononi, nikitabasamu kama mtu aliyeokota noti njiani. Shamba lenyewe halikuwa na kitu. Lilikuwa limelimwa tu, mabonge ya udongo mweusi yamelala vile plau ilivyoyaacha, na hakuna hata punje moja iliyokuwa imeingia ardhini. Na hapo hapo, mwanangu, nilikuwa nikiiambia kampuni ya bima kwamba nimepanda.

Usicheke kwanza. Utacheka baadaye, na nitakusaidia.

Mimi ni mzaliwa wa Asembo Bay, kando ya ziwa, ndiyo maana huku nilikoolewa, karibu na Awasi, watu wazima bado wananiita Nyar Asembo, binti wa Asembo. Kwetu tulijua samaki. Kulima nilikuja kufundishwa na mama mkwe wangu, Dani Dorsila, yaani Bibi Dorsila, mwanamke mfupi, mweusi, wa maneno machache, aliyeweza kutazama wingu akakwambia litamwaga kwa nani. Wakati ninaousimulia sikuwa binti mdogo. Nilikuwa na watoto wanne, wa kwanza Akinyi, na mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli pale Awasi. Lakini ujana, mwanangu, hauishi siku unapozaa. Kuna watu wanaubeba mpaka nywele zinageuka mvi, na mimi niliubeba muda mrefu kupita kiasi.

Mwaka uliotangulia jua lilikuwa limetupiga vibaya. Tulipanda, mahindi yakachipua, mvua ikakata, yakajikunja na kufa. Tulinunua unga kwa kopo la gorogoro tangu mwezi wa saba hadi mavuno mengine, na ili kununua tuliuza ndama jike ambaye Akinyi alikuwa amempa jina. Siku wanunuzi walipokuja, mtoto yule aliingia jikoni akafunga mlango. Niliapa moyoni kwamba mwaka mwingine jua halitanikuta hivyo hivyo.

Kwa hiyo wakati kikundi chetu cha akina mama kanisani kilipotembelewa na msichana mmoja wa bima, jina lake Lilian, mimi nilikaa benchi ya mbele. Lilian alikuwa mwembamba, na viatu vyake havikufaa kwa matope yetu, lakini alieleza vizuri. Alisema ukinunua mbegu kwenye duka la agroveti utakuta kadi ndani ya pakiti. Kadi ina namba. Siku unayopanda, ukiwa umesimama shambani, unaituma hiyo namba kwa simu. Kuanzia siku hiyo kampuni inaangalia mvua ya eneo lako kwa wiki tatu. Mvua ikikosekana katika hizo wiki tatu, mbegu zikafa, unapewa nyingine upande upya.

"Lakini akina mama, sikieni," alisema, na alilirudia jambo hili mara mbili. "Usitume kabla hujapanda. Hesabu inaanza na ile siku umetuma."

Nilimsikia. Masikio yangu yalikuwa mazima kabisa, na sina hata kisingizio hicho.

Sasa nikueleze desturi, maana pengine wewe umekulia mjini na hukuiona. Kwetu mbegu ina mlango wake, na mlango huo una mwenyewe. Msimu ukifika, hakuna anayepanda katika boma kabla mkubwa wa boma hajaanza. Tunasema golo kodhi, kutoa mbegu. Baba akiwa hayupo ni mama, kisha wake za wanawe wanafuata kwa zamu. Baba mkwe wangu alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo mlango ulikuwa mikononi mwa Dani Dorsila. Ukimruka umemvunjia heshima, na wazee watakwambia umeita chira, ile laana inayomla mtu polepole hata dawa ya hospitali ikashindwa. Kuna jambo jingine pia, na hili ndilo lililonifunga miguu: anayepandiwa na wengine bila yeye mwenyewe kuanza ni yule aliyekwisha kufa.

Na mwaka huo Dani hakuwepo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mpaka akawa anamimina chai nje ya kikombe. Binti yake anayekaa Kaloleni, kule Kisumu, akamchukua ili afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Tuliambiwa ni siku chache. Siku chache zikawa wiki, maana jicho la kwanza lilichelewa kupona na daktari akataka amwone tena na tena.

Mvua haikumngoja. Ilianza jioni moja na upepo wa kutoka ziwani, ikanyesha kesho yake, na kesho kutwa. Asubuhi ya siku ya nne barabara nzima ilikuwa ng'ombe na plau. Kila nikipita kisimani nilikuta wenzangu wa kikundi wakioneshana simu zao.

"Mimi nimetuma jana," mmoja anasema.

"Mimi leo asubuhi. Nyar Asembo, na wewe?"

"Mimi bado," ninajibu, na kuinua mtungi wangu.

Jioni nikamlalamikia mume wangu. Alikuwa akiosha mikono yenye grisi, akanitazama kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda jikoni.

"Si umpigie Mama umuulize?"

"Nimwambie nini? Kwamba sisi tunataka kupanda kama vile yeye hayuko duniani?"

"Wewe mpigie tu."

Sikupiga. Nilijiona nina adabu kuliko mtoto wake wa kumzaa. Nilijua jibu kabla ya kuuliza, na mtu wa namna hiyo, mwanangu, hana dawa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakutuambia kwamba kuna wajinga wasiouliza kwa sababu wanajiona werevu.

Basi nikapata akili yangu mwenyewe. Unajua jinsi tunavyofanya kwenye bomba la maji: unakwenda alfajiri, unapanga mtungi wako kwenye foleni, unarudi nyumbani kupika uji, na maji yakija zamu yako ipo. Hakuna anayekudai usimame hapo. Nami nikasema moyoni, bima nayo ni foleni. Wenzangu wamekwisha kupanga mitungi, mimi wangu uko nyumbani; kampuni ikifunga nitabaki nje. Ngoja nipange mtungi wangu sasa, kupanda nitapanda Dani akirudi. Desturi sijaivunja, bima sijaikosa. Nilijipongeza kweli kweli.

Hiyo ndiyo siku niliyokwenda shambani na kadi iliyotoka kwenye pakiti yangu ya mbegu. Nilikwangua namba, nikasimama katikati kama Lilian alivyotuagiza, nikatuma. Simu ikalia mara moja. Meseji ilisema asante, mahindi yako yamelindwa. Niliisoma mara mbili nikiangalia udongo mtupu. Kisha nikaenda kuanika nguo.

Mvua ya mwaka ule, ukiniuliza, sijaona nyingine kama hiyo. Ilinyesha usiku, ikaacha jua la asubuhi, ikarudi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mahindi ya jirani yalifika kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini. Kampuni ilikuwa ikiangalia mvua juu ya shamba langu na bila shaka ilifurahi. Wiki zangu tatu zikaisha salama, zikilinda mabonge ya udongo na magugu.

Dani alirudi wiki ya nne, jicho moja bado lina bandeji, lile jingine limeng'aa kama la mtoto. Jambo la kwanza aliloliona ni shamba.

"Kumbe hamjapanda," alisema.

"Tulikuwa tunakungoja, Mama."

Alinitazama kwa jicho lake jipya muda mrefu kidogo. Sikujua alikuwa akitafuta nini. Kesho yake alfajiri alitoa mbegu, akapanda nyuma ya nyumba yake, mke wa shemeji yangu akafuata, nami nikafuata. Wiki hiyo hiyo jirani yangu Mama Ouma, mjane ambaye ng'ombe wa kulima walimfikia wa mwisho kwa sababu hana mwanamume wa kumpigania, naye akapanda. Tulipanda tukisalimiana kupita ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe unaotenganisha mashamba yetu. Nilimwona akisimama na simu akituma kadi yake. Mimi yangu nilikuwa nimeituma zamani.

Siku tano baadaye mbegu zikachipua. Siku ya saba mvua ikafunga.

Sitakuchosha kwa kuyasimulia yale majuma, maana ukilima utayajua mwenyewe. Unaamka, unatazama juu, hakuna kitu. Udongo wetu mweusi ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ule mmea mchanga unakatika mizizi ukiutazama. Mahindi ya waliopanda mapema yalikuwa na mizizi mirefu, yakavumilia. Yetu yalikunjana kama kamba. Lakini mimi sikulia. Nilikuwa na meseji yangu kwenye simu. Niliwaambia watoto, "Msihofu, tutaletewa mbegu nyingine." Akinyi aliniuliza, "Kweli, Mama?" Nikamwambia kweli. Hilo neno ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote.

Mama Ouma akapata meseji yake: mvua imekosekana, nenda agroveti uchukue mbegu. Mimi nikangoja. Nikawasha simu na kuizima. Nikapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Kimya.

Ijumaa kikundi kilikutana kanisani, na Lilian alikuwa amekuja. Dani naye alikuwa amekuja, bandeji imetolewa, amekaa pembeni akifurahia kuona nyuso alizozikosa miaka miwili. Mimi niliingia nikiwa nimevimba. Sikungoja hata maombi.

"Hawa watu ni wezi!" nilipaza sauti. "Mama Ouma amepanda wiki moja na mimi. Shamba linapakana na langu. Jua lililomchomea ndilo lililonichomea. Yeye amepata, mimi nimenyimwa. Kwa nini? Yawa, jamani, kwa sababu mimi ni mtu wa kutoka Asembo?"

Wenzangu walinguruma kuniunga mkono. Lilian masikini akafungua simu yake, akaomba namba yangu. Alitafuta kidogo, akakunja uso.

"Mama Akinyi, wewe ulipanda mapema. Iko hapa. Ulituma wakati mvua ilikuwa inaanza. Wiki zako tatu zilinyesha vizuri sana, zikaisha. Hii kiangazi imekuja baadaye. Mama Ouma yake ilikuwa bado inahesabu."

"Mimi sikupanda mapema," nilisema, na nikiwa nimeshalisema hilo neno nikaliona shimo mbele yangu.

Kutoka pembeni ikaja sauti ya Dani Dorsila, pole kabisa.

"Huyu msichana anasema ni siku gani?"

Lilian akaitaja. Dani alihesabu kwa vidole, bila haraka.

"Hiyo siku mimi nilikuwa Kaloleni. Macho imefungwa na bandeji. Sasa nani alipanda kwa hii boma yangu?"

Mwanangu, natumaini hutasimama mahali nilipokuwa nimesimama. Nikikubali kwamba nilipanda siku ile, nimemruka mama mkwe wangu, nimemfanya maiti mbele ya kanisa zima, na mtoto yeyote akiumwa homa katika boma letu nitanyoshewa kidole mimi. Nikikataa, basi mimi ni mwongo, na nimetoka kuwaita wengine wezi dakika hii. Wanawake ishirini walikuwa wakinitazama. Nilitafuta uongo wa tatu, na ungekuwepo ningeuchukua, nakwambia kweli. Haukuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kati ya mabenchi.

"Sikupanda, Mama," nilisema. "Nilituma namba na shamba likiwa tupu."

Kuna mtu alicheka. Lilian aliinamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kadi ikishatumiwa haiwezi kurudishwa, na pole. Yeye aliyeitwa mwizi ndiye aliyeniambia pole. Dani akasimama, akajifunga leso yake, akasema, "Twende nyumbani."

Tulitembea njia nzima, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nikingoja anipige kwa maneno, maana aliyajua, ingawa aliyatumia kwa nadra. Tulipofika aliingia nyumbani kwake, akatoka na chungu, akakaa kwenye kizingiti. Ndani mlikuwa na mtama mwekundu, mbegu za zamani za kwao.

"Kaa," akasema. "Kwa nini hukunipigia simu?"

"Niliogopa, Mama. Kuomba ruhusa ya kupanda wewe ukiwa hospitalini ni kama kukuombea kifo."

"Wakati mama mkwe wangu alilazwa, alituma neno. Alisema mchukue mbegu kwa chungu changu, mpande mashimo matatu nyuma ya nyumba yangu kwa jina langu, halafu mwendelee. Tulifanya hivyo. Aliishi miaka mingi akatuchosha." Hapo alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi nilikuwa mgonjwa ya macho, Nyar Asembo. Sikuwa mgonjwa ya mdomo. Kila jioni nilikuwa nangoja simu yako kule Kaloleni. Nilisikia mvua kwa mabati nikasema, leo atapiga. Sasa niambie, mtu ambaye yuko na hakuna anayemuuliza kitu, huyo ni nani?"

Niliinamia chungu.

"Ni maiti," alisema. "Wewe uliogopa kunizika, na ndivyo ulinizika."

Nililia, mwanangu. Nililia kwa mahindi, kwa yule ndama, kwa Akinyi niliyemwambia kweli, na zaidi kwa huyu mama aliyekaa gizani macho yamefungwa akisikiliza simu isiyolia. Aliniacha nilie. Kisha akanisukumia chungu.

"Mahindi hayatafika tena. Mtama huu unavumilia. Mvua ndogo ikija, panda. Na usitume popote kabla hujapanda."

Mvua ndogo ilikuja, tukapanda mtama. Tulikula ugali mwekundu mwaka ule, haukutosha, na mume wangu aliuza baiskeli yake mwenyewe, fundi akawa anatembea kwa miguu. Hakuwahi kuniambia, "Nilikwambia." Majuto ni mjukuu, husema watu. Mimi mjukuu huyo nilimlea, nikamwosha, nikambeba mgongoni mpaka mavuno mengine. Msimu uliofuata nilikaa tena benchi ya mbele ya Lilian. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale, nikanunua kadi nyingine, nikaituma vidole vikiwa bado na udongo wa kupandia.

Dani Dorsila alilala usingizi wa mwisho miaka kadhaa baadaye, macho yote mawili yakiona. Sasa mlango wa mbegu uko mikononi mwangu. Masika iliyopita nilikuwa Asembo, tumempoteza kaka yangu, na boma limejaa waombolezaji. Simu ikalia. Alikuwa Beryl, mke wa mwanangu, msichana wa mjini mwenye kucha ndefu ambaye wengine walisema hatadumu shambani.

"Mama, pole na msiba. Huku mvua imeanza na kila mtu anapanda. Naogopa hata kukuuliza, lakini nauliza. Tufanye aje?"

Nilitoka nje nikasimama ufukweni. Nilimwambia kuhusu chungu, na mashimo matatu nyuma ya nyumba yangu. Nikamwambia apande, kisha ndiyo atume kadi. Nilipokata simu machozi yalinitoka, watu wakanishika mkono wakidhani namlilia kaka yangu. Namlilia yeye pia. Lakini saa ile nilikuwa nafurahi kwamba niko hai, na kwamba kuna mtu anajua niko hai.

Basi shika haya, mwanangu. Linda shamba lako. Hali ya hewa ya siku hizi haina rafiki, na tahadhari kabla ya hatari si kumkosea Mungu imani. Ila kabla ya kununua kinga, uliza inakinga nini: kama ni kiangazi tu, Mto Nyando ukifurika usiilaumu; uliza inaanza lini na inaisha lini, na ukijibiwa, sikiliza kama mtu asiyejua. Usiiambie bima neno ambalo udongo wako haulijui. Ile kadi haikunidhulumu, ililinda kile nilichokuwa nacho siku ile, na sikuwa na kitu. Na desturi ya wazee ikikuzuia, usiikanyage na usiizunguke kwa mlango wa nyuma. Mpigie mwenyewe. Heshima inayoogopa kuuliza haimsaidii mzee, inamkalisha gizani peke yake.

Nenda salama, mtoto wangu. Mungu akupe udongo unaokujibu na watu wa kuwauliza. Jua likija likukute na kinga, na mvua ikija ikukute umepanda.